Moshi Ule Haukutoka Jikoni

Mwanangu Fausta,

Sikuulizi hali, maana hali yako naisikia mwenyewe kupitia ukutani. Uko jikoni na mama yako mnakaanga maandazi ya safari, na sasa hivi umecheka kile kicheko chako cha kuishiwa pumzi, ambacho zamani kilikuwa kinanifanya niache kila kitu nije kukuangalia. Ni saa kumi jioni. Nimewaambia mgongo unanisumbua, nataka kujinyoosha kidogo. Mgongo hauna neno. Nimekaa kitandani na daftari la oda za matofali, nimeligeuza upande wa nyuma ambako kuna kurasa safi, na ninakuandikia wewe uliye hatua kumi kutoka hapa nilipo.

Kesho alfajiri gari linakuja kukuchukua kwenda uwanja wa ndege. Habari za pasi, sweta, kipampu chako cha pumu na wapi ufiche pesa, mama yako ameshazisema mara tatu, na shangazi yako atazirudia kwa simu kana kwamba hakuna aliyemtangulia. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu. Nimekaa nalo tangu ukiwa darasa la tatu, na nilidhani nitazeeka nalo salama, mpaka Jumapili iliyopita.

Jumapili ulitusomea ile barua uliyoandika kuomba nafasi ya masomo huko India. Ulisimama katikati ya sebule umenyooka kama msomaji wa kanisani, ukaisoma kwa Kiingereza, kisha ukatutafsiria kipande kwa kipande. Ulisema umechagua kusomea hewa chafu kwa sababu ulikulia kwenye nyumba ambayo jiko la kuni la mama yako lilikupa ugonjwa wa kifua. Ukasema mwalimu wako wa huko amekujibu kwamba maneno hayo yamemgusa sana, na kwamba wiki ya kwanza utasimama mbele ya wenzako uyaseme tena. Mimi nikapiga makofi. Nilipiga makofi, Fausta! Mama yako alikuwa anamenya viazi. Hakuinua uso. Alimenya kiazi kile kile mpaka kikabaki kama gololi, akakitia kwenye maji, akachukua kingine.

Sasa nasema. Halikuwa jiko la mama yako. Lilikuwa tanuri langu.

Hulikumbuki vizuri tanuri lile, ulikuwa mdogo. Lilikuwa pale bondeni chini ya nyumba, ambapo leo tuna maharage. Karatu ilikuwa imeanza kukua kwa fujo wakati ule. Kila aliyepata kiwanja kando ya barabara ya kwenda geti la hifadhi alitaka kujenga nyumba ya wageni, na kila aliyejenga alitaka matofali ya kuchoma. Mimi nilikuwa kijana mwenye nguvu na udongo mzuri mwekundu uliorithiwa. Tulifyatua, tukaanika, tukapanga tanuri refu kuliko nyumba, tukaliachia midomo chini ya kuingizia kuni, tukalikandika tope na kulichoma siku nne mfululizo. Ukipita leo mjini, majengo mengi ya zamani unayoyaona yana matofali yangu. Nilikuwa najivunia moshi, nikwambie ukweli. Moshi ukipanda, watu walijua Sulle ana kazi.

Mwaka ule ulipokuwa darasa la tatu, masika yaligoma kuisha. Alikuja bwana mmoja aliyekuwa anajenga loji ya watalii, mtu wa maneno matamu, akaniambia anataka matofali kabla wageni wa mwezi wa saba hawajaanza kuingia. Bwana huyo alikuwa mkali wa mazingira. Alinikemea kwa kuacha chupa ya plastiki pale kwake, akaniokotesha. Lakini matofali aliyataka upesi, na hakuuliza nitayachoma na nini. Kuni zangu zote zilikuwa zimelowa. Ukiziwasha zinalia tu na kutoa maji.

Ndipo nilipojiona nina akili kuliko watu wote. Unajua njia ya kwenda Kreta na Serengeti inavyokula matairi. Kila gereji hapa mjini ilikuwa na lundo la matairi chakavu ya magari ya watalii, hawajui wayapeleke wapi. Mafundi wa katambuga, vile viatu vya mpira wa tairi, walichukua machache, mengine yakabaki kufuga mbu. Nikamwendea fundi mmoja wa gereji, akaniruhusu nibebe mpaka nichoke. Alinishukuru! Nikayakata, nikayasokomeza kwenye midomo ya tanuri, nikawasha. Moto ule ulishika kama umetukanwa. Kuni mbichi zikakauka humo humo zikawaka, na mimi nikakaa pembeni nimefunga mikono nikijiona mhandisi.

Moshi wake haukupanda kama ule wa kuni. Ulikuwa mweusi, mzito, na kwa ule ukungu wa asubuhi za mwezi wa tano ulilala bondeni kama blanketi, halafu ukaanza kutambaa kuelekea nyumbani.

Mtu wa kwanza kuniambia alikuwa Saning'o, yule rafiki yangu wa Endulen ambaye siku hizi anakutania kwamba atakuoza kwa mwanawe. Alikuwa anapeleka ng'ombe mnadani na njia yake ilipita hapo chini. Nikamwona amesimama ng'ambo na fimbo yake, ng'ombe wamejikusanya hawataki kusogea.

"Sulle, rafiki yangu, unachoma nini wewe?" aliniita.

"Matofali. Hujawahi kuona tanuri?"

"Tanuri naona. Hawa ng'ombe wamepita moshi wa nyika tangu wakiwa ndama. Huu wako wameukataa."

"Wapige basi wapite."

"Niwapige kwa nini? Wewe ndiye nitakayekupiga." Akacheka, akawazungusha kwa juu, njia ndefu kweli kweli, akachelewa mnada. Aliporudi alipita kunisalimia na akaniambia tena, bila kucheka safari hii, kwamba moshi ule unanuka ugonjwa. Nilimjibu kwa mzaha. Nilimtazama miguuni, amevaa katambuga, nikamwambia mbona wewe umeyavaa matairi na huumwi. Nilidhani nimemshinda kwa maneno.

Siku ya tatu ya moto uliondoka kwenda shule asubuhi, ukungu umeshuka, na njia yako ilikatiza bondeni. Wenzako walinikimbilia wakisema Fausta amekaa chini hataki kuinuka. Haikuwa kwamba hukutaka. Nilikukuta umeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, na kifua kinapiga filimbi. Ulinitazama ukataka kusema baba, mdomo ukatoa umbo la neno bila sauti. Sijawahi kuogopa hivyo, kabla wala baada. Tulikupakia kwenye pikipiki, mama yako nyuma amekukumbatia, mimi nikakimbia kwa miguu mpaka hospitali kwa sababu nafasi ya tatu haikuwepo.

Walikupa dawa ya kuvuta, ukatulia, ukalala. Daktari alikuwa mtu mpole. Akatuketisha, akauliza, "Huko nyumbani kuna moshi wowote?"

Hapa ndipo pa kusoma taratibu, mwanangu. Mama yako alikuwa amevuta pumzi ajibu. Mimi nikamwahi. Nikasema, "Jikoni, daktari. Mama yake anapikia kuni."

Mama yako akageuka. Hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu niliyokuwa nimeiweka juu ya magoti. Kwenye kucha kulikuwa na masizi ya mpira, yale yasiyotoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Alitazama kucha zangu, kisha akaangalia mbele, na daktari akamwambia, "Basi mama, huyu mtoto asikae tena jikoni." Akajibu, "Sawa, daktari."

Daktari hakukosea. Moshi wa kuni ni moshi, na wewe mwenyewe umenifundisha mengi juu ya hilo. Lakini aliuliza swali akapewa jibu nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa bado inawaka kule bondeni.

Tulirudi nyumbani na mimi nikazima tanuri. Nilimwaga maji na tope kwenye midomo yake yote, tofali likaharibika zaidi ya nusu, na yule bwana wa loji akanisema mpaka nikakoma. Matairi yaliyobaki nikayapeleka kwa mafundi wa katambuga, kimya kimya. Sikuchoma tairi tena maisha yangu. Kwa hiyo nilijua. Nataka uelewe hilo vizuri: sikuwa mjinga asiyejua. Mtu asiyejua hazimi tanuri lake mwenyewe katikati ya oda.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma kuliko hata ile siku ya pikipiki. Ulikuwa na kigoda chako kidogo cha miguu mitatu, ulikuwa unakaa pembeni ya mafiga mama yako akipika, mkichambua maharage, akikusimulia habari za nyumbani kwao Mbulumbulu na kukuimbia kwa Kiiraqw. Kigoda kile kikatundikwa ukutani. Wewe ukawa unakula sebuleni na mimi, nami sijui hadithi yoyote, nilikuwa nakuuliza jedwali la kuzidisha. Mama yako aliyatoa mafiga nje, akawa anapikia uani. Mvua ikinyesha anashika mwavuli kwa mkono mmoja na mwiko kwa mkono mwingine, na mimi nilikuwa namwona dirishani. Kwenye jumuiya ya kanisa wanawake walimshauri namna ya kutunza watoto. Kuna mmoja alimwambia mbele ya wenzake kwamba kifua cha mtoto hakichezewi kwa moshi. Alirudi akaniambia habari hiyo kwa sauti ya kawaida, akaniuliza kama nitakula sasa au baadaye. Nilisema nitakula sasa.

Halafu tukakupeleka kwa bibi yako Mbulumbulu ukae mwaka mmoja, hewa ya kule ni safi, upepo wa mashamba ya ngano haulali. Ulinenepa, ukakimbia, kifua kikatulia. Watu wakasema mnaona, kaepukana na jiko la mama yake. Fausta, wewe ni msomi wa hewa. Hukujiuliza? Bibi yako alipikia mafiga matatu mpaka anaingia kaburini. Amri za daktari alizisikia akazipuuza, na wewe ulilala mapajani kwake kando ya moto kila jioni mwaka mzima. Nilikuja kukutembelea nikakukuta hapo hapo umekaa na masizi puani, unachoma hindi, unacheka.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Mwanzoni niliona haya. Baadaye haya ziliisha, nikawa nimezoea tu. Hakuna aliyekuwa akiniuliza, nyumba ilikuwa na amani, wewe ulikuwa unafaulu. Uongo ule haukunisumbua kila siku kama wanavyosema watu. Ulikaa pale ukutani pamoja na kigoda, na mtu anazoea kilichotundikwa ukutani mwake.

Kwa kazi nilijirekebisha upesi kuliko kwa maneno. Nilichomea kuni kavu tu, kisha pumba za mpunga kutoka Mto wa Mbu, kisha nikanunua ile mashine ya kushindilia matofali ya kufungamana yasiyochomwa kabisa. Unakumbuka walivyonicheka? Walisema Sulle anauza tope. Nikaweka tofali moja ndani ya ndoo ya maji mbele ya duka la vifaa la yule mzee wa Kiislamu pale sokoni, likakaa wiki nzima, na yeye mwenyewe akawa anawatolea wateja wake kuwaonyesha, kama amelizaa yeye. Leo ninauza kuliko wakati wa tanuri. Nilipokusimulia ushindi huo ulinikata maini kwa kuniambia, "Baba, na saruji unayochanganya humo ina moshi wake, umeuhamishia tu kwa watu wengine." Nilikasirika dakika tano. Kisha nikafurahi siku nzima, kwa sababu niliona kwamba nimezaa mtu ambaye hadanganyiki kirahisi. Isipokuwa na mimi.

Nasikia huko unakokwenda kuna majira ambayo mji mzima unakuwa kama bonde letu siku ile, jua liko juu na halionekani. Naogopa kwa ajili ya kifua chako, sifichi. Lakini nimekuona ukitembea na kile kimashine chako cha kupima hewa, ukikiweka hapa na pale kwa subira, na hofu yangu imepungua. Utakutana na watu wanaochoma matofali, na wanaochoma matairi, na wanaochoma makapi shambani. Nchi yao inakimbia kujenga kama yetu, wote tunataka nyumba ya tofali na taa ndani. Ukifika kwa mtu kama huyo usianze na kipimo. Muulize kuni zake zimelowa tangu lini, na nani anamharakisha. Mimi kama mtu angeniuliza hivyo, labda ningemwambia kila kitu. Na ukimaliza kumsikiliza, zunguka nyuma ya nyumba uone moshi unakwenda kwa nani, na nani amebebeshwa lawama yake. Mara nyingi utamkuta mwanamke ameshika mwavuli.

Na utakapokosea, kwa sababu utakosea, usisubiri mpaka kosa lako lisimame sebuleni lisomwe kwa Kiingereza.

Nilikuwa nimefika hapo nilipotaka kuweka sahihi, nikupe kesho ukiwa umeshapanda gari. Mlango ukafunguliwa. Mama yako amekuja kuchukua kanga ya kufunikia maandazi. Akaona daftari.

"Mgongo unaandika siku hizi?" akaniuliza.

Nikampa. Nilijua, mara ile nilipomnyooshea, kwamba yeye ndiye aliyestahili kuisoma kwanza. Alisoma amesimama, mikono ina unga, akifungua kurasa kwa ncha za vidole. Alisoma yote. Mimi nilitazama miguu yangu.

"Umesahau kuandika kitu," akasema.

"Kipi?"

"Kwamba nilijua."

"Nimeandika kwamba uliona kucha."

"Kuona kucha ni kuona kucha. Andika nilijua. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye ile pikipiki, nywele zake zilikuwa zinanuka mpira. Sijawahi kupikia mpira mimi."

Nikamwuliza kwa nini basi alinyamaza miaka yote hiyo, akanyeshewa, akasemwa na wanawake wenzake.

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe," akasema. "Mwanzo nilikasirika, nikasema sitamsaidia huyu hata neno moja. Kisha nikaona umezima tanuri, nikasema atasema tu, karibu anasema. Sikujua utangoja mpaka mtoto apande ndege." Kisha akakaa kitandani karibu nami, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, na unga ukabaki shavuni. Nikamwambia nisamehe, Mama Fausta. Neno lenyewe ni dogo sana, nilishangaa. Akanipiga bega, kwa nguvu kidogo, akasema haya, lakini akanikataza kukupa barua hii kesho garini.

"Ile ya kwanza uliipigia makofi mbele yangu," akasema. "Na hii itasomwa mbele yangu."

Kwa hiyo nakuja. Nimekishusha kigoda chako ukutani, kina vumbi na mguu mmoja unacheza, nitakikalia mimi. Mama yako ametangulia. Amesema utasimama hapo hapo jikoni uisome kwa sauti kama ulivyosoma ile ya kwanza, yeye akiwa anamenya viazi, na kwamba safari hii anataka kuinua uso.

Baba yako,
Sulle